Radhi ya Safari ya Misri

Siku muuza nyama alipomuuliza kama mumewe anakwenda Hija, ndipo Suad alipojua kuwa nyumba yake inawaka moto.

Ilikuwa Alhamisi. Alikuwa amesimama mbele ya kaunta dukani kwa Warsame, pale Kilburn, London, anangoja akatiwe mbuzi wa Ijumaa. Warsame ni Msomali aliyekulia Nairobi, na Kiswahili chake ni cha huko huko. Aliinua shoka lake dogo, akalisimamisha hewani, akasema:

"Mama, huyu mzee wako anaenda Hajj?"

"Kakwambia nani?"

"Si alikuja hapa juzi. Akanishika mkono, akasema, Warsame, kama nimewahi kukukosea unisamehe, nina safari. Mimi nikamwambia, mzee, wewe hujanikosea. Labda tu ile siku ulisema mbuzi wangu ni kondoo." Warsame alicheka mpaka shoka likatikisika. "Nikamsamehe hiyo pia."

Suad naye alicheka, lakini kicheko chake kiliishia kwenye meno. Akapokea nyama, akaaga, akatoka. Nje kulikuwa na manyunyu, na mwavuli alikuwa nao mkononi, lakini alifika nyumbani mtandio umelowa.

Sasa, asiyewajua watu wa Pemba atasema, radhi tu hiyo, ina nini? Ina mengi. Radhi haiombwi ovyo kama chumvi kwa jirani. Mtu akienda Birmingham hazunguki kuomba radhi, wala akienda Toronto kuwaona wajukuu. Anaaga, anabebeshwa salamu na mizigo ya watu, basi. Anayetoka mlango hadi mlango kushika watu mikono na kutaka asamehewe ni yule anayekwenda Makka, au yule asiyetarajia kurudi. Na Hija ilikuwa bado mbali sana.

Hilo lilimtia hofu. Lakini lililomchoma hasa ni jingine: yeye hakuombwa. Abdulsamad, mume wake wa ndoa, aliyekimbia naye kutoka Wete, Pemba, na nguo walizovaa tu, amemwomba radhi muuza nyama, na mkewe hakumwomba.

Ungekuwa wewe ungerudi nyumbani ukauliza. Hata mimi ningeuliza. Lakini Suad alikuwa na ugonjwa wake, na waliomjua waliujua: hakuwa mtu wa kuuliza, alikuwa mtu wa kuchungua. Miaka mingi alifanya kazi ya kutunza wazee majumbani mwao, na huko alijifunza kuwa mtu ukimuuliza atakwambia anachotaka yeye, lakini ukifungua friji lake utajua kila kitu.

Akaanza na simu. Alimpigia Bi Raya, shoga yake wa Lewisham. Mume wa Raya ni Riyadh, na Riyadh na Abdulsamad ni pete na kidole.

"Raya, hamjambo huko? Nasikia mume wangu alikuja."

"Alikuja, eeh," alisema Raya. "Kuomba radhi. Kanitoa machozi, wallahi. Nikataka nikupigie, nikaona haya."

"Haya ya nini?"

"Ile safari yake ya Misri, shoga. Nikajiuliza, mbona anaitaja peke yake? Suad yuko wapi?"

Suad alikaa kitandani. "Misri," alisema, kama mtu anayejua.

"Jangwani na kwenye mapiramidi. Riyadh anasema siku chache tu, lakini private tour. Gari lake mbali, dereva wake mbali, na wa kumtembeza wake mbali. Kundi la watu hataki kuchanganyika nalo. Usiniambie hujui!"

"Najua," alisema Suad. "Nakupima wewe tu."

Akakata simu.

Misri ilikuwa yake. Watu wa nyumba ile wote walijua hivyo. Tangu msichana mdogo, mwalimu wa skuli ya Wete alipochora mapiramidi kwa chaki na kusema kuwa yamejengwa kabla ya Nabii Musa, Suad hakupata tena raha na mawe ya kale. Kila Jumapili, kikombe cha chai ya mdalasini mkononi, alitazama kwenye televisheni vipindi vya wafalme waliozikwa na paka wao. Abdulsamad hukaa pembeni yake, nusu macho nusu usingizi. "Nitakufa sijayaona hayo mawe," Suad husema. Na mumewe hujibu macho kayafumba, "Mawe tu hayo, Mama Miska. Hata kwetu Ras Mkumbuu yapo."

Mtu huyo huyo, aliyeendesha basi la London mpaka akastaafu na akasema hataki tena kuona barabara maishani mwake, leo anakwenda Misri. Na anakwenda private! Mwenye mambo safi huenda na kundi. Huvaa kofia moja na wenzake, akahesabiwa na kupandishwa basini pamoja na bibi wa Kijapani. Anayetaka gari lake mbali ana kitu cha kuficha, au ana mtu wa kumficha.

Suad alipanda juu ya kiti, magoti yakimlaani, akashusha mkoba wa nyaraka kutoka juu ya kabati. Paspoti ya Abdulsamad ilikuwemo. Yake haikuwemo. Akautikisa mkoba, akaugeuza, akatazama chini ya kabati na nyuma ya kitanda. Hapana paspoti.

Basi hapo mambo yakajipanga yenyewe kichwani mwake, na yalijipanga vizuri kweli. Kamfichia paspoti ili asiweze kumfuata. Dalili ya mvua ni mawingu, na haya mawingu yalikuwa meusi tii.

Aliichukua ile paspoti ya mumewe, akaifunga ndani ya mfuko wa plastiki, akaenda jikoni, akafunua pipa la mchele na kuizika mpaka kwenye kiwiko cha mkono. Kisha akaulaza mchele juu yake kwa kiganja, kama mtu anayetandika kitanda.

Jioni alikuja Miska, binti yao, akitoka kazini. Miska amezaliwa London. Kiswahili anakisikia chote, lakini kikimtoka mdomoni huona kama kavaa viatu vya mtu mwingine.

"Baba yako kakuomba radhi?" Suad alimuuliza huku akimwekea chakula.

"Yeah, on the phone. He was being cute. Kwa nini?"

Cute! Suad alimtazama mwanawe akila. Hata huyu kaombwa.

"Baba yako ana mwanamke," alisema.

Miska aliweka kijiko chini. "Mum, please. Dad? He can't even find his own socks. Just ask him."

"Siulizi."

"Then you're both mad," alisema Miska, na akaendelea kula, lakini kabla ya kuondoka alimkumbatia mama yake muda mrefu kuliko kawaida. Suad hilo nalo akaliweka kwenye hesabu ya mambo ya kutilia shaka.

Ijumaa asubuhi, Abdulsamad alipokwenda kupunguza ndevu kwa kinyozi Mturuki, Suad alijitupia koti na kwenda kwa Kishor.

Kishor ana chumba kidogo cha kuuza tiketi, kati ya duka la simu na duka la nywele. Ni Mhindi aliyezaliwa Hurumzi, Unguja, na hakuna Mzanzibari wa upande ule wa London anayesafiri bila kupita mikononi mwake. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Suad alimsikia kabla ya kumwona, maana Kishor akiongea na simu ya Cairo hupaza sauti kama vile simu haipo.

Alikuwa akiongea Kiingereza, lakini Suad hakukosa neno. Kwamba Bwana Abdulsamad anataka gari la watu wawili, zuri, lenye baridi. Kwamba yule mama magoti yake mabovu, wasimpandishe ngamia, wasimteremshe makaburini kwa ngazi ndefu, na kule jangwani wasimtembeze sana. Kwamba wapewe hema lenye vitanda, si magodoro ya chini. Kwamba kila kitu kiwe polepole.

Kisha Kishor akainua macho. Simu aliiweka chini bila kuaga, na mkono wake wa pili ukasukuma droo ikajifunga kwa kishindo.

"Bi Suad! Karibu, karibu. Umenijia leo?"

"Mume wangu anakwenda Misri na nani?"

Uso wa Kishor ulibadilika rangi mara mbili. "Misri? Mimi... Bi Suad, mambo ya mteja ni amana. Hata wewe ukija kwangu na siri yako, nitaimeza."

"Nimekuuliza anakwenda na nani."

"Nimekula yamini kwake, mama. Usinivunjie yamini yangu. Keti basi, nikupe chai."

"Kunywa mwenyewe," alisema Suad.

Alitembea kurudi nyumbani bila kuona watu. Mama mwenye magoti mabovu! Laiti angekuwa msichana, Suad angeelewa, na watu wangesema uzee umempanda mzee kichwani, wakacheka, wakasahau. Lakini kuachwa kwa ajili ya kikongwe? Magoti yake mwenyewe yalikuwa yanamuuma hapo hapo anapotembea, na hayo hayakumjia akilini hata kidogo. Magoti yake yalikuwa siri. Mbele ya Abdulsamad alipanda ngazi za nyumba yao kama msichana, na akifika juu hujifanya anatafuta ufunguo mpaka maumivu yapoe.

Alimjua ni nani. Bi Nunuu wa Milton Keynes, nani mwingine? Mjane, mnene, mwenye mkongojo na sauti ya asali. Kwenye hitima ya mume wake, Abdulsamad alimbebea kiti kutoka chumba hadi chumba. Suad alikiona kile kiti wakati ule na akasema moyoni, huruma hii imezidi kipimo. Basi kumbe! Mawe yake ya Misri, aliyoyangoja tangu skuli, anakwenda kuonyeshwa Bi Nunuu ndani ya gari lenye baridi. Alilia njiani, alilia wazi wazi, na mtoto mmoja ndani ya kigari chake akamkodolea macho.

Abdulsamad alirudi kutoka msikitini saa nane, kanzu chini ya koti, ndevu zimenyooka. Akanawa, akakaa mezani, akatazama sahani.

"Mama Miska. Muhogo?"

"Muhogo."

"Leo Ijumaa. Wali uko wapi?"

"Hamna."

Abdulsamad alitupa jicho kwenye pipa la mchele lililojaa, akamtazama mkewe, na kwa kuwa hakuwa mjinga alikula muhogo wake kimya. Alipomaliza alikwenda chumbani. Suad alisikia kabati likifunguliwa, mkoba ukishushwa, zipu. Kisha kimya. Kisha zipu tena.

"Mama Miska, paspoti yangu hukuiona?"

"Kaulize Milton Keynes."

Abdulsamad alitokea mlangoni na mkoba mkononi. "Nikaulize wapi?"

"Kwa Bi Nunuu! Na gari lenu la wawili, na hema lenu la vitanda, na ngamia asiyempanda!" Yote yalimtoka kwa pamoja, wala hakuyapanga. "Umri huu, Abdulsamad! Umemwomba radhi Riyadh. Umemwomba Raya, umemwomba mwanao. Umemwomba radhi muuza nyama, kwa sababu ya mbuzi! Na mie? Mie nani kwako? Nimekufulia, nimekuuguza, nimekimbia na wewe usiku na bahari chafu, na radhi yangu huitaki? Au unaona ukiniomba mie itabidi useme unakwenda kufanya nini?"

Abdulsamad alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha, na hili Suad hakulisamehe kwa muda mrefu, akacheka. Alicheka mpaka akashika ukingo wa mlango.

"Bi Nunuu!" alisema. "Ya Rabi! Bi Nunuu mie nimbebe mpaka Misri?" Akatia mkono ndani ya koti lililotundikwa, akatoa kitu na kukiweka mezani karibu na makombo ya muhogo. Ilikuwa paspoti ya Suad. "Nimeichukua kwa Kishor sasa hivi, nikitoka msikitini. Yangu alikwisha maliza nayo mambo ya viza, hii ilikuwa bado. Nilikuwa nikwambie leo, tukishakula. Wali," aliongeza.

Suad aliitazama ile paspoti.

"Tunaondoka Jumanne," alisema mumewe. "Mapiramidi, halafu jangwani huko Fayumu, kwenye lile bonde la mifupa ya nyangumi ulilolilia kwenye televisheni. Na magoti yako nayajua, Mama Miska. Ufunguo gani unaotafutwa kila siku na uko mkononi?"

"Lakini radhi," alisema Suad, na sauti ilikuwa imemtoka ndogo. "Mbona hukuniomba?"

"We nawe. Mtu anamuaga anayemwacha. Anayefuatana naye anamuagaje?"

Ni kweli. Hivyo ndivyo ilivyo, na hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu kwa babu zao. Unayesafiri naye humwombi radhi, mtaombana huko huko njiani. Suad aliijua kanuni hiyo kabla ya kujua kusoma, na wivu ulikuwa umeifuta kichwani kama chaki ubaoni. Aliona haya mpaka masikio yakawaka. Wakati huo huo furaha ilikuwa inampanda kutoka miguuni, na hakujua aanze na ipi. Alijifuta machozi kwa ncha ya mtandio, akaenda kwenye pipa, akakunja mkono wa nguo, akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko.

Na mkono ukiwa humo ndani ya mchele, akasita.

Haya yake na furaha yake vilisimama vyote viwili, kwa sababu kuna jambo moja lilibaki halijajibiwa. Safari hii aliuliza.

"Radhi za nini, Baba Miska?"

"Za safari, za nini tena?"

"Watu wanakwenda Misri kila wiki. Hawamwombi radhi muuza nyama."

Abdulsamad alikaa kwenye kiti chake, akaanza kuyakusanya makombo ya muhogo kwa kidole, akiyapanga pembeni ya sahani. Suad aliutoa mkono, paspoti ndani ya plastiki yake, punje za mchele zimemganda mpaka juu. Alikumbuka mambo. Zile Jumanne mumewe alizokwenda Lewisham kutazama mpira kwa Riyadh, ilhali Riyadh hana haja na mpira. Namna anavyosimama chini ya ngazi siku hizi na kumwambia tangulia. Alidhani anampa heshima.

"Moyo," alisema Abdulsamad hatimaye. "Mlango mmoja wa moyo umechoka, haufungi sawasawa. Watanipasua, watie mwingine. Tukirudi."

"Tangu lini unajua?"

"Tangu kabla ya Krismasi. Daktari kaniruhusu safari fupi, bila mbio, bila milima. Ndiyo maana nikachukua gari letu wenyewe. Kundi lisingetungoja, wewe na magoti na mie na huyu." Akajigusa kifua. "Nilitaka uyaone mawe yako kwanza, ukiwa hujui kitu, ukiwa na raha. Ningekwambia mapema ungeyaona kupitia machozi."

"Mficha maradhi kifo humuumbua," alisema Suad. Alitaka liwe karipio, likatoka limevunjika.

"Basi sasa hakuna cha kuficha." Abdulsamad aliunyoosha mkono wake juu ya meza, kiganja juu, vile vile alivyowanyooshea wengine. "Na kwa kuwa umeshajua, bora nikuombe na wewe kabisa. Suad, tangu nilipokuoa, kama kuna siku..."

"Nyamaza."

"Ni wajibu, Mama Miska."

"Nimesema nyamaza! Radhi yangu sikupi." Aliirudisha mikono nyuma ya mgongo kama mtoto aliyeficha kitu. "Unanisikia? Umenikosea mambo mengi, na hili la leo ndilo kubwa, na sikusamehe hata moja. Utaniomba ukishatoka huko hospitali, umesimama kwa miguu yako. Kabla ya hapo ukiniomba nitaziba masikio."

Abdulsamad aliuacha mkono pale mezani kwa muda, mtupu. Kisha akaurudisha.

Walikwenda. Mawe yalikuwapo, makubwa kuliko alivyochora mwalimu na kuliko televisheni yoyote, na dereva aliwaendesha polepole kama alivyoagizwa. Suad atakwambia aliyaona yote. Ukweli ni kwamba mwongozaji alipokuwa akieleza habari za wafalme, yeye alikuwa akisikiliza pumzi ya mtu aliye pembeni yake. Mumewe akisimama, alimtilia shaka. Akikaa, vile vile. Mkono ukienda kifuani kutafuta miwani mfukoni, yeye roho ilimruka.

Huko jangwani, mifupa ya nyangumi ilikuwa imelala juu ya mchanga, uti wa mgongo mzima mzima, mahali pasipo na tone la maji. Upepo ulikuwa mdogo. Abdulsamad aliivua kofia yake.

"Hapa palikuwa bahari," alisema. "Angalia, Mama Miska. Bahari nzima iliaga ikaenda zake." Kisha, kwa sauti ya chini, "Mahali pazuri pa kuombana radhi hapa."

"Tazama nyangumi," alisema Suad, na hakumwangalia, kwa sababu angemwangalia angempa.

London waliikuta na manyunyu yake. Siku moja kabla ya Abdulsamad kulazwa, alikaa dirishani na tasbihi, ametulia kabisa, uso umemng'aa kama mtu aliyemaliza kazi zake zote. Utulivu huo Suad hakuupenda. Alimtazama kutoka jikoni, akamtazama tena, kisha akavaa koti.

Warsame alikuwa peke yake dukani, anafuta kaunta.

"Mama! Mmerudi? Mzee aliona Firauni?"

"Warsame, ile radhi uliyompa mume wangu, nimekuja kuichukua."

"Kuichukua vipi?"

"Ile ya mbuzi. Irudishe. Sema hujamsamehe."

Warsame alitabasamu, akidhani ni mzaha, kisha akaona si mzaha. "Mama, msamaha ukishatoka haurudi. Hayo ni mambo ya Mungu."

"Kesho wanampasua moyo." Suad alishika ukingo wa kaunta, pale panapowekwa nyama. "Kazunguka London nzima, kila mtu kamsamehe. Hana kosa na mtu. Amekaa dirishani ametulia kama mgeni anayengoja gari. Mtu asiye na lolote la kumrudisha, Warsame, arudi kwa nini? Mie nimemnyima yangu. Lakini ni mie peke yangu."

Warsame aliweka kitambaa chini. Alitazama shoka lake, akatazama mlango, akajifuta mikono kwenye aproni mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

"Basi mwambie nimekasirika," alisema. "Mwambie nimefikiria ile maneno yake, na nimekasirika sana. Mbuzi wangu hakuwa kondoo. Na simsamehe mpaka akuje hapa mwenyewe, kwa miguu yake, aniombe mbele ya wateja."

"Nitamwambia," alisema Suad.

Akafungua mwavuli, akaelekea stesheni, kwa maana Lewisham ni mbali, na Riyadh na Raya walikuwa bado.